Trafiki Hana Filamu

Nyumbani kwangu hakuna anayeikumbuka namba ya mita ya umeme. Umeme ukiisha saa tatu usiku, natoka mimi na tochi ya simu kwenda kuisoma ukutani tarakimu moja moja, mbu wakinila shingo, na wenzangu wakinisubiri sebuleni na lawama. Lakini waulize hao hao chumba alichopanga muuaji Jeffrey Dahmer kule Milwaukee kilikuwa namba ngapi. Utajibiwa kabla hujafunga mdomo: 213. Binti yangu wa kidato cha tatu anajua. Mama yake anajua. Dada wa kazi, aliyekuja kwetu akiwa hana habari na Marekani wala Wamarekani, anajua, na siku hizi anamwita "Jefu".

Sina ugomvi na burudani. Nyumba hii imepita kwenye tamthilia za Kifilipino, zikaja za Kikorea, zikaja za Kituruki, na king'amuzi nilikilipia bila kinyongo. Humo watu walikuwa wakilia, wakisalitiana, wakinyang'anyana urithi, lakini mwishowe wanaoana. Ulikuwa ukipita sebuleni kuchukua maji unakuta harusi. Sasa napita kuchukua maji nakuta polisi wanateremsha pipa kwenye ngazi, na mkononi nina sahani ya maini.

Somo la nyumba yetu ni wauaji wa mfululizo. Muuaji wa kawaida, yule wa ugomvi wa mpaka wa shamba au wa wivu wa baa, hana hadhi kwetu. Habari yake inaishia ukurasa wa sita wa gazeti na gazeti linafungia vitumbua. Anayetakiwa ni yule aliyeua kwa miaka, mmoja baada ya mwingine, na awe Mzungu, na ikiwezekana awe na miwani.

Ugonjwa uliingia kupitia saluni. Jumamosi moja jioni nilikwenda kumchukua mama watoto, nikakuta wanawake wanane wamekaa kimya. Anayezijua saluni za mtaani ataelewa nilivyoshtuka. Nilidhani kuna msiba. Msusi amebana fungu la rasta kwa midomo, vidole vimesimama hewani juu ya kichwa kilichosukwa upande mmoja, na mwenye kichwa hajali. Juu ya draya kumewekwa spika ndogo, na ndani ya spika mwanamume mwenye sauti nzito anasimulia kwa Kiswahili safi jinsi polisi wa Milwaukee walivyolifungua friji. Nyuma yake kinanda kinalia polepole. Nikasalimia. Nikanyamazishwa kwa kidole mdomoni, na aliyeninyamazisha ni yule ambaye rasta zake nazilipia mimi.

Msimulizi ana kipaji, nisimnyime haki yake. Tatizo lake ni theluji. Kila mauaji anayoyasimulia yanatokea theluji ikidondoka. Dahmer alikamatwa usiku wa tarehe 22 Julai 1991, na Julai kule ni msimu wa joto, watu wanatembea na kaptula. Msimulizi akaimwaga theluji hadi magotini. Njiani nikamweleza mama watoto kuhusu Julai. Akaniambia nisimharibie hadithi.

Tangu siku hiyo bando la wiki linaisha Jumanne. Netflix walipotoa tamthilia yao ya Dahmer Septemba 2022, walitangaza kwamba ndani ya siku 60 ilikuwa imetazamwa kwa saa bilioni moja. Fungu zuri la saa hizo lilitoka sebuleni kwangu, kwa bando langu, kwa akaunti ya kuazima ya shemeji yangu.

Lakini kinachonikera hasa ni sifa. "Yule mtu alikuwa na akili sana," atasema mama watoto, akitikisa kichwa kwa heshima ambayo mimi sijaiona tangu nilipomaliza mahari. Binti anadakia: "Jiniasi, Baba." Na kipenzi chao kuliko wote ni Ted Bundy. Alisomea sheria. Alikuwa mtanashati. Alijitetea mwenyewe mahakamani. Mwaka 1977 alitoroka mikononi mwa dola mara mbili, ya kwanza kwa kuruka dirisha la maktaba ya mahakama. Mwaka 1980, akiwa kizimbani Florida kwa kumuua mtoto wa miaka 12, akafunga ndoa humo humo mahakamani na mwanamke aliyesimama kumtolea ushahidi. Mama watoto akifika kwenye ndoa hiyo anaisimulia utadhani alichangia kamati.

Nikaona nisome, maana nyumbani kwangu mwanamume asiye na ushahidi hubaki kusikiliza. Nilichokikuta nakitoa hapa hadharani, kwa kuwa sebuleni nimenyimwa zamu ya kuzungumza. Ted Bundy alikamatwa na trafiki. Mara mbili.

Mara ya kwanza ni Agosti 1975, Granger, kitongoji cha Salt Lake City katika jimbo la Utah. Askari wa doria ya barabarani yuko kwenye gari lake usiku, anaona Volkswagen, zile za mgongo wa kobe, inazungukazunguka mtaani. Dereva wa Volkswagen, huyo jiniasi, anaona gari la polisi. Anafanya nini? Anazima taa na kukimbia. Yaani angepita tu taratibu, akapunga na mkono, asingesumbuliwa. Askari akamfukuza, akamsimamisha, akakuta kiti cha abiria cha mbele kimeng'olewa, na ndani ya gari kuna barakoa, pingu, kamba na mtaimbo. Mara ya pili ni Februari 1978, Pensacola, Florida, saa saba usiku. Volkswagen tena! Safari hii ya wizi. Kwa wakati huo FBI ilikuwa imeshambandika Bundy kwenye orodha yake ya kumi wanaosakwa kuliko wote, pamoja na picha. Aliyemtia mkononi ni askari mmoja wa zamu ya usiku aliyeulizia namba za gari kwenye redio, akaambiwa limeibwa. Hakujua amemkamata nani; alidhani amekamata mwizi wa gari.

Huku kwetu askari hao wawili tungewaita trafiki tu, na madereva wangewashiana taa kutahadharishana kwamba wapo mbele.

Siyo Bundy peke yake. Mwaka 1977 jiji la New York lilikuwa halilali kwa kumhofia David Berkowitz, aliyejiita Mwana wa Sam na kuwapiga watu risasi usiku, akaua sita. Wapelelezi walimiminwa mitaani. Kilichompata ni faini ya maegesho. Usiku wa shambulizi la mwisho aliegesha Brooklyn karibu na bomba la zimamoto, akaandikiwa karatasi, na mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akakumbuka. Uingereza, Peter Sutcliffe aliua wanawake 13. Katika miaka ya msako polisi walimhoji mara tisa na mara zote tisa wakamwacha aende zake nyumbani. Januari 1981 askari wa doria mjini Sheffield wakamshika kwa sababu gari lake lilikuwa na namba bandia.

"Hao walikuwa na bahati mbaya," akasema mama watoto.

Bahati mbaya! Mtu ameegesha vibaya. Mimi nikiegesha vibaya Kariakoo siambiwi nina bahati mbaya, nafungwa mnyororo kwenye tairi.

"Na Jack the Ripper je?" Binti naye hakubali kushindwa. "Aliua mwaka 1888 na mpaka leo hajulikani."

"Mwaka 1888 London walitembea kwa farasi," nikamjibu. "Angekuwa na Volkswagen tungemjua hadi kabila."

Huyo Ripper asiyejulikana, kwa taarifa yenu, ana jumba la makumbusho pale Cable Street, lililofunguliwa 2015. Kibali cha jengo kiliombwa kwa ajili ya makumbusho ya historia ya wanawake. Majirani wakasubiri wanawake, kibao kikafunuliwa wakaona jina la Jack. Wanawake wamo ndani pia, ukitaka kuwa mwema. Wamo kama waliouawa.

Nikaona bado hawajashawishika, nikawaletea Dennis Rader wa Wichita, Kansas. Kati ya 1974 na 1991 Rader aliua watu kumi, na katikati ya kazi hiyo akawa anaandikia vyombo vya habari barua za kujisifu. Akanyamaza miaka mingi. Mwaka 2004 akajitokeza tena, nadhani sifa zilimwishia mwilini, barua zikaanza upya. Mwishowe akawauliza polisi hivi: nikiwatumia diski ya kompyuta, mnaweza kujua imetoka wapi? Akawaomba wawe wakweli. Wamjibu kwa tangazo la gazeti. Polisi wakalipia tangazo wakamwambia hakuna shida. Akaituma, Februari 2005. Polisi wakaichomeka, ndani wakakuta jina la kanisa na jina "Dennis". Wakatafuta kwenye intaneti kanisa hilo lina Dennis gani, wakamkuta mwenyekiti wa baraza la kanisa.

Mtu ameua tangu binti yangu hajazaliwa, tangu hata mama yake hajazaliwa, halafu anawauliza polisi kama watamkamata, na jibu analiamini. Nina mjomba alitapeliwa kiwanja Bunju kwa swali gumu kuliko hilo.

Na kazi yake? Alikuwa afisa wa mji mdogo jirani na Wichita, wa kukagua majani yaliyorefuka uani na mbwa wasiofungwa. Bwana afya, kwa lugha yetu, wa kukuandikia faini kwa sababu ya nyasi. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kadhaa kwenye kampuni ya kufunga ving'ora vya wezi, mji ule ule, wakati ule ule ambao watu walikuwa wakinunua ving'ora kwa kumwogopa yeye.

Hapo kwenye ving'ora nyumba nzima iliniangalia kwa makini, nikadhani nimeshinda. Kumbe walikuwa wanachukua somo jingine. Wiki iliyofuata fundi wa dishi alikuja, dada wa kazi akamhoji kupitia tundu la geti: anatoka wapi, anaishi na nani, nani aliyempa namba yetu, na hiyo miwani ameanza kuvaa lini. Fundi ni kijana wa mtaa wa pili, tunasali naye. Akaondoka na ngazi yake. Dishi langu mpaka leo linaelekea Zanzibar na halileti kitu.

Hiyo ndiyo faida ninayoiona ya elimu hii. Mama watoto husema anajifunza kujilinda, na kusema kweli ana wasomi upande wake: mwaka 2010 watafiti Amanda Vicary na Chris Fraley wa Chuo Kikuu cha Illinois walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba wanawake huvutiwa na hadithi hizi kuliko wanaume, hasa zile zenye mbinu za kujiokoa. Sibishani na Illinois. Nabishana na matumizi. Bundy alikuwa na hila ya kujifunga mkono bandeji, anajifanya ameumia, anawaomba wasichana wamsaidie kubeba vitabu hadi kwenye gari. Mama watoto amelishika somo hilo barabara. Sasa mzee wa nyumba ya pili alianguka na bodaboda, akavunjika mkono, akafungwa plasta mpaka begani. Alfajiri moja akamwona mama watoto kwenye bomba la mtaa, akamwambia, "Mwanangu, nisaidie kuninyanyulia ndoo." Mwanangu akaacha ndoo zote mbili, yake na ya mzee, akakimbia na khanga mkononi. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba radhi. Nilimwelezaje? Nilimwambia mke wangu ana presha.

Friza nalo lina habari yake. Nilipata wazo la kuuza samaki na barafu, nikanunua friza la kulala, la mtumba, zuri. Vijana walipolishusha kwenye bajaji ya mizigo, mama watoto alisimama mlangoni, akalipima kwa macho kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"La nini hilo, baba watoto?"

"Samaki. Na barafu."

"Refu hivyo?"

"Ndiyo saizi zao."

"Dahmer naye majirani walipolalamika harufu, aliwaambia ni friza limeharibika, nyama imeoza. Siku nyingine akasema samaki wake wamekufa." Akanyamaza kidogo. "Samaki, baba watoto."

Friza liko barazani, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo anao binti. Nikitaka barafu ya maji yangu ya kunywa, naomba.

Yuko mwingine ambaye nilitegemea atawatoa kwenye habari za akili nyingi: Dennis Nilsen, mtumishi wa serikali mjini London, aliyewahi pia kuwa polisi. Februari 1983 mabomba ya maji taka ya nyumba aliyopanga, Muswell Hill, yaliziba. Nilsen akaandika barua kwa mawakala wa nyumba kulalamika kwamba mabomba yameziba. Yeye! Aliyeyaziba! Fundi akaja, akafungua chemba, na alichokikuta sitakiandika maana kuna watu wanasoma hapa huku wanakunywa supu. Mauaji ya miaka minne yakaishia kwenye mikono ya fundi bomba mwenye tochi.

Nikawaza kama angepanga uswahilini kwetu. Chemba ikiziba, wapangaji wanabishana wiki mbili nani alitupa nepi. Kisha mchango unapitishwa. Kisha anajitokeza yule mmoja anayesema yeye huwa anaoga kazini. Kisha mwenye nyumba hapokei simu. Nilsen angezeeka mikononi mwetu, tena angekuwa mjumbe wa kamati ya kukusanya fedha za kuzibua.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi kwa ajili ya kliniki yake ya presha, na wajukuu wakamkaribisha kwa hadithi ya daktari. Harold Shipman, wa mji wa Hyde, Uingereza, aliwamaliza wagonjwa wake kwa sindano, wengi wao bibi vizee. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2000 kwa mauaji 15. Tume iliyochunguza baadaye ikafika 215. Mwenye akili huyo alinaswa alipoghushi wosia wa bibi mmoja kwa taipureta yake mwenyewe ili arithi, na bibi huyo binti yake ni mwanasheria. Kabla ya hapo, mtu aliyeanza kuandika orodha alikuwa dereva teksi, aliyeona wazee anaowabeba wanapungua na wote daktari wao ni mmoja. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila neno. Kesho yake kliniki, daktari kijana, mpole, akashika sindano. Mama mkwe akamshika mkono. "Mwanangu," akasema, "kabla hujanichoma hiyo, ujue mimi kiwanja sina. Kile cha Korogwe tulishauza."

Kwa Dahmer utani huwa unaniishia. Mei 1991 mtoto wa miaka 14, wa familia iliyotoka Laos, alifanikiwa kutoka kwenye kile chumba 213, uchi, amenyweshwa dawa, hajui aendako. Wasichana wawili Weusi wa mtaani wakaona, polisi wakaitwa. Dahmer akaja akasema huyo ni mpenzi wake, mtu mzima, wamegombana tu. Polisi wakamrudisha mtoto ndani. Glenda Cleveland, mama wa mmoja wa wasichana hao, alipiga simu kituoni kuuliza, akaambiwa limekwisha. Akapiga tena. Hawakumsikiliza. Wangeangalia jalada wangeona Dahmer yuko chini ya uangalizi wa mahakama kwa kosa alilomfanyia kaka wa mtoto huyo huyo. Mtoto aliuawa usiku ule, na baada yake wengine wanne. Wengi wa watu 17 aliowaua walikuwa vijana Weusi, ambao wakipotea hakuna anayewasha king'ora. Hapo nawauliza watu wa sebuleni kwangu, akili iko wapi? Mtu analindwa na rangi yake na uvivu wa askari, halafu nyinyi mnampa shahada.

Mwigizaji Niecy Nash alicheza nafasi ya Cleveland kwenye ile tamthilia akashinda tuzo ya Emmy. Sawa. Mwenye simu kapata wa kumwigiza. Fundi bomba bado, trafiki bado.

Tena nimegundua utamu wa hadithi hizi unategemea nauli. Julai 2024 jijini Nairobi, kwenye machimbo ya zamani yaliyogeuka jalala, Kware, Mukuru, vijana wa mtaani walishuka kwa kamba wakaanza kupandisha magunia yenye miili ya wanawake. Kituo cha polisi kiko jirani hapo hapo. Siku chache baadaye polisi wakasema wamemshika mtu mahali anatazama fainali ya Euro, na kwamba amekiri kuua wanawake 42. Mahakamani wakili wake akasema mteja wake aliteswa. Agosti mtuhumiwa akatoweka mahabusu pamoja na wengine 12. Nilidhani saluni nzima itahamia Nairobi. Kinanda hakikulia. Nilipoisoma habari hiyo kwa sauti mezani, binti aliniomba niache.

"Baba, hiyo inatisha."

Na ile ya Milwaukee ilikuwa inafanya nini, inabembeleza? Lakini nilimwelewa. Nairobi ana shangazi yake. Nairobi basi linaondoka alfajiri, usiku umeshuka. Na yakitokea ya hapa hapa mtaani, hata mimi mwenye mdomo huu nasema kile tunachosema wote, kwamba tuviachie vyombo vya dola vifanye kazi yake, kisha nabadilisha mada kwenda kwenye Simba na Yanga.

Juzi tulikwenda shamba Mkuranga, mimi, mama watoto na binti. Trafiki akatusimamisha. Habari za safari mzee, leseni, nzuri, fungua buti. Nikafungua. Mlikuwa na jembe, panga, kamba ya katani, glavu za kupalilia, mifuko ya sandarusi ya miche, na pipa la bluu la maji lililolazwa mpaka kiti cha nyuma. Binti, aliyekuwa amekumbatia mdomo wa pipa, alishusha pumzi kwa nguvu. "Baba," akanong'ona, "una kila kitu."

Trafiki akaangalia panga. Akaangalia kamba. Akagonga pipa kwa ukucha.

"Mtungi wa kuzimia moto uko wapi?"

Mtungi nilikuwa nao, ila umepitwa na wakati. Akatoa mashine yake, akabonyeza, akanitolea karatasi ya shilingi 30,000, akanitakia safari njema.

Mama watoto alisubiri mpaka tupandishe vioo. "Huyo ndiye shujaa wako? Kaona panga, kaona kamba, kaona pipa. Anauliza mtungi! Ungekuwa Dahmer tungeshapita."

"Tusingepita," nikamwambia. "Jina langu limeingia kwenye mashine, na namba za gari, na barabara, na saa. Berkowitz alianza hivi hivi."

Hakunijibu hadi Mkuranga, na mimi hilo nalihesabu kuwa ushindi. Siku ile ile, nikiwa chini ya mkorosho, nikaanza kuandika tamthilia yangu. Sehemu kumi. Trafiki wa Pensacola, zamu ya usiku, mwaka 1978. Anaamka, anagombana na mkewe kuhusu ada, anapiga pasi sare, anakunywa kahawa mbaya, anaandika faini za taa mbovu. Jioni nikawasomea muhtasari kwenye mkeka.

"Nzuri," akasema mama watoto, kwa heshima. "Na muuaji anatokea sehemu ya ngapi?"

"Ya kumi. Dakika tatu za mwisho. Anaulizwa kadi ya gari."

Wakaangaliana, yeye na bintiye. Kisha akaniomba simu yangu. Bando lake limeisha, na msimulizi ameahidi leo ni zamu ya mtu wa Siberia, ambako angalau theluji itakuwa na sababu.